Shukrani kwa Herufi Kubwa

Wale mliolalamika kwamba Jumamosi niliwaacha mmesimama kwa mguu mmoja, haya, kaeni. Simu bado iko mkononi mwa Kalamu, karani wa bodi ya filamu bado amemnyooshea kikapu, na ujumbe wa Shangwe bado unawaka kwenye kioo:

"Dada, shukrani tayari. Nimepitia daftari lako lote, hakuna niliyemsahau hata mmoja. Wifi yako nimempa mstari wake peke yake. Herufi kubwa."

Kalamu aliusoma mara mbili. 

"Simu, mama," karani alisema.

"Nijibu neno moja tu."

"Hilo neno moja ndilo linalokatazwa." Akamnyang'anya kwa adabu zote, akaitumbukiza kikapuni juu ya simu za wenzake, akafunga mlango wa chumba cha kutazamia kwa ndani, akazungusha ufunguo mara mbili na kuutia kwenye mfuko wa shati. Taa zikazimwa. Ilikuwa saa tano kamili asubuhi.

Kwa mgeni aliyedandia hadithi leo, nitasema haraka maana filamu imeshaanza.

Kalamu ni jina alilobandikwa gazetini, alikofanya kazi miaka kumi na sita. Aliandika habari ya kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu, kinachowatia wafanyakazi wake sumu ya madini ya risasi kwenye damu. Mhariri wake akaikata ikabaki mistari minne, chini ya tangazo la magodoro. Siku hiyo hiyo Kalamu aliacha kazi, akauza gari, akanunua kamera. Miaka sita ameingia na kutoka kwenye nyumba za watu wa tanuru, wanaume ambao mikono inawatetemeka hata vifungo vya shati wanafungiwa na wake zao. Filamu imekwisha. Kilichobaki ni bodi kuitazama na kuigonga muhuri.

Na wifi? Huyo ni dada wa mumewe, muuguzi kwenye zahanati ya kiwanda hicho hicho. Ndiye aliyemletea vipimo vya kweli vya damu, vile vilivyobadilishwa kabla ya kufika kwa wagonjwa. Kwenye filamu ni kivuli tu, na sauti imegeuzwa. Akijulikana, kazi hana, na jela ataingia, kwa sababu alikula kiapo cha kutotoa karatasi hata moja nje ya zahanati. Kalamu alimwapia kwamba jina lake halitatoka. Hata mume wa Kalamu, kaka wa huyo wifi, hakuambiwa.

Sasa jina limeingiaje kwenye filamu? Gazetini jina la mtoa habari lilikaa kichwani mwa Kalamu na humo humo likabaki. Lakini filamu ina taratibu zake. Kila anayesema lazima awe na fomu ya ridhaa, na fomu bila jina si fomu. Fomu Kalamu aliifungia kabatini, ila kwanza jina alilinakili ukurasa wa mwisho wa daftari. Kisha, kwa haraka ya wiki ya mwisho, akampa Shangwe daftari ahakikishe majina ya mitaa yameandikwa sawa.

Shangwe ni mhariri wake wa picha, baba wa watoto watano mwenye mvi zake, na kabla ya Kalamu kumpata alikuwa amekata na kuunga picha za harusi kwa miaka ishirini. Kwenye harusi, ukimsahau shangazi mmoja katika shukrani umevunja ukoo. Basi Shangwe, asiyejua kwamba wifi ndiye kivuli, hakumsahau mtu. Na nakala aliipeleka bodi mwenyewe asubuhi, bado ya moto, Kalamu hajaitupia jicho.

Filamu ya dakika hamsini na mbili. Mwishoni kabisa, shukrani. Na safu moja nyuma ya Kalamu amekaa wakili wa kiwanda, Bwana Tai, aliyeruhusiwa kuingia kwa vile kiwanda kimeleta malalamiko.

Nawasikia mnavyopiga kelele: aisimamishe basi! Anaweza. Fomu ya kuiondoa ilikuwa pale mezani, mbele ya Mwenyekiti. Saini moja tu, na filamu inazimwa papo hapo, nakala inarudi kwa mwenyewe. Ila iliyoondolewa imeondolewa. Haipokelewi tena, haioneshwi popote nchini. Miaka sita kwa saini moja. Mngetia ninyi?

Kalamu aliamua kwanza atafute njia nyingine.

* * *

Alinyanyua mkono gizani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, samahani. Naomba kutoka kidogo. Choo."

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani puani, peni sikioni, asiyependa mchezo. "Choo kiko humo humo, mama. Ule mlango mdogo kushoto. Tulikijenga maksudi, maana kila mwenye filamu akiketi hapa tumbo humvuruga."

Mjumbe mmoja alicheka. Kalamu naye akacheka.

"Basi labda nimpigie fundi wangu. Kuna kitu mwishoni hakijakaa vizuri."

Alijuta kabla hajamaliza kusema. Nyuma yake kiti kililia. Bwana Tai alikuwa amejisogeza mbele.

"Mwishoni kuna nini?" aliuliza kwa upole.

"Makosa ya herufi."

"Aa. Herufi." Kalamu alisikia akifungua kofia ya peni.

"Hapa filamu hutazamwa tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho," Mwenyekiti alisema. "Makosa yako tutayaona wote pamoja. Kaa, mama. Unatuziba."

Alikaa. Ukutani mzee wa tanuru alikuwa anajaribu kunywa maji, na maji yanamwagika kifuani. Siku walipoipiga ile picha Kalamu alilia nyuma ya kamera. Leo hata hakuiona. Alikuwa anahesabu dakika.

Dakika ya kumi na nane alikwenda chooni kweli.

Palikuwa na ujia mwembamba, ndoo na fagio. Na ukutani, juu ya ndoo, sanduku la swichi za umeme. Umeme ukikatika, kikao kitaahirishwa. Kikiahirishwa, atapata simu. Akipata simu, Shangwe atakata ule mstari, na kesho wataanza upya bila mtu kujua lolote. Alishika swichi kubwa kuliko zote, akapiga moyo konde, akaishusha.

Giza. Sauti ya filamu ikakatika katikati ya neno.

"Umeme!" mtu alipiga kelele.

Kalamu alijitosa chooni, akavuta maji, akatoka akipapasa ukuta. "Jamani, kumetokea nini?"

"Mtulie hivyo hivyo," karani alisema, akimpita na kurunzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. "Hii swichi ina wazimu tangu mwaka juzi. Inaanguka yenyewe tu. Tumeshaizoea." Akaipandisha.

Taa ziliwaka. Kazi yote ile, na imemnunulia nusu dakika.

Kwenye kidirisha cha ukuta wa nyuma alichungulia Mzee Taa, mtazamishaji, aliyeonesha filamu katika jengo hilo tangu enzi za mikanda mikubwa. "Mheshimiwa, mashine imegoma kurudi pale ilipokuwa," alisema. "Inaruka. Imenipeleka mbele huku, karibu na mwisho. Zimebaki dakika saba."

Saba! Kalamu aliona nyota mchana. Zilikuwa zimebaki thelathini na tatu. Amezikata mwenyewe, kwa mkono wake.

"Mheshimiwa, si haki!" alisema, na safari hii hakuigiza. "Umesema herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Irudishwe nyuma!"

"Itarudishwa. Tutamaliza kwanza mwisho, kisha tutatazama katikati. Mzee, endelea."

"Lakini mheshimiwa..."

"Mama!" Miwani ilishuka puani. "Toka tumeanza umeomba choo, umeomba simu, na sasa unataka kuniendeshea kikao. Unaogopa filamu yako mwenyewe?"

Taa zilizimwa tena. Sasa Bwana Tai hakuwa nyuma. Alikuwa amehamia kiti cha pembeni yake, daftari pajani, na manukato yake yalimjaa Kalamu puani.

* * *

Dakika ya sita kabla ya mwisho. Kivuli cha wifi kilitokea ukutani.

"Namba waliyopewa wagonjwa siyo niliyoiandika mimi," ile sauti iliyogeuzwa ilisema. Kivuli kiliinua mkono, kikasawazisha kitambaa kichwani. Kalamu alimjua kwa mkono ule hata gizani. Ndio uliomshika kiuno wakati anajifungua binti yake, ukampangusa jasho, ukamwambia sukuma, wifi, sukuma usinitie aibu kazini kwangu. Usiku wa kurekodi, wifi huyo huyo alimuuliza swali moja: "Nikuamini kama mwandishi au kama wifi?" Naye akamjibu, kwa vyote viwili.

Aliinama, akajifanya anatafuta kitu sakafuni, akatambaa mpaka ukuta wa nyuma, chini ya kidirisha. Akasimama kwa vidole vya miguu.

"Mzee wangu," alinong'ona. "Mzee wangu, nakuomba. Maandishi yakikaribia, zima. Sema mashine imekufa."

Mzee Taa alitoa kichwa kizima dirishani.

"Nizime?" alisema, na sauti yake ilikuwa imeshiba kiburi cha miaka arobaini ya kazi. "Mwanangu, mimi sijawahi kumkatia mtu filamu yake hata siku moja! Mwisho wa filamu ndio heshima ya mwenyewe! Kaa uone majina ya watu wako yakipita, ufurahi!"

Chumba kizima kiligeuka.

"Majina," Bwana Tai alirudia polepole, akaandika.

Kalamu alirudi kitini. Nia ya mzee ilikuwa njema, na nia ya Shangwe ilikuwa njema vile vile. Alizungukwa na watu wema, na wote wanamzika.

Dakika mbili. Ile picha ya mwisho aliyoipenda kuliko zote: mke anafunga vifungo vya shati la mumewe, kimoja kimoja, bila kusema. Mjumbe aliyecheka mwanzoni alikuwa anafuta macho. Mwenyekiti alivua miwani. Kalamu aliwaona, akajua bila kuambiwa kwamba wamenasa. Filamu inapita!

Ikaja picha nyeusi. Kisha, Mungu wangu, yakaja maua.

Maua mekundu kwenye pembe zote nne, yanachanua na kufumba, na kinanda cha harusi chini kwa chini. Filamu ya watu wanaokufa kwa sumu! Shangwe hakuweza kujizuia. Herufi za dhahabu ziliteremka zikimeremeta: shukrani kwa Mwenyezi Mungu, na baada yake shukrani kwa wazazi wa pande zote mbili.

"Pande zipi?" Mwenyekiti alinong'ona.

Akapita dereva aliyewabeba, jina lake na la baba yake. Wakapita majirani wa mtaa wa kiwanda. Akapita mama aliyewapa maji ya kunywa siku ya jua kali. Kila mmoja na ua lake. Bwana Tai alikuwa anaandika kila jina bila kuinua uso.

Kalamu alizijua kurasa za daftari lake. Baada ya mama wa maji alibaki fundi baiskeli, na baada ya fundi baiskeli ni ukurasa wa mwisho.

Fundi baiskeli akapita.

Maua yote yalifumba kwa pamoja. Kinanda kikapanda, kama pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Katikati ya ukuta, herufi kubwa, likatokea tangazo:

NA KWA NAMNA YA PEKEE KABISA...

"Naiondoa!"

Hakujua kama ni sauti yake. Alikuwa amesimama katikati ya mwanga, mikono juu, herufi za dhahabu zimemwangukia kifuani na usoni. "Naiondoa filamu yangu! Zima! Mzee, zima, naiondoa mimi mwenyewe!"

Mzee Taa, ambaye hajawahi kumkatia mtu, alisikia mwenyewe ameomba. Picha ikaganda pale pale. PEKEE KABISA, na nukta tatu. Kisha ukuta ukawa mweupe.

Taa ziliwaka.

"Mama," Mwenyekiti alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Unajua unachokifanya? Filamu hii nilikuwa naipitisha. Nimekaa hapa miaka tisa sijaona ya namna hii. Muhuri nimeshaugusisha wino." Aliuinua, akamwonesha. Kweli ulikuwa na wino.

Kalamu aliutazama ule muhuri kwa uchungu ambao siwezi kuuandika nikautendea haki. Aliwaza mikono inayotetemeka. Aliwaza mzee wa tanuru, aliyemuuliza wiki iliyopita, binti yangu, itaoneshwa nikiwa bado nipo?

"Nipe fomu," alisema.

"Angalau nieleze sababu."

"Sina sababu, mama. Nipe fomu."

Alitia saini. Karani alimkabidhi nakala yake kwenye bahasha ya kaki, nyepesi, inaenea kwenye kiganja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Lakini chini ya machozi, ndani kabisa, aliona kitu kimetulia. Wifi yake yuko salama. Ameipoteza filamu, amebaki na ndugu. Atakwenda kwake leo hii, atakaa jikoni, watalia pamoja.

Ndipo alipomwona Bwana Tai anatazama saa yake ya mkono.

"Pole sana," wakili alisema akifunga daftari. "Kazi nzuri mno. Nimesikitika kwa dhati."

"Umepata ulichotaka. Haitaoneshwa."

"Hiyo ni zawadi tu, sikuitarajia. Mimi nilifuata jambo jingine." Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Yule kivuli wako, tumesoma kwenye muhtasari ulioleta bodi, anajua daftari la vipimo. Daftari lile hushikwa na wauguzi wanne. Leo asubuhi nimewapigia wote wanne. Kila mmoja nimemwambia maneno yale yale: jina lako limo kwenye filamu, inaoneshwa saa tano, ofisi za bodi."

"Mwongo wewe!"

"Kabisa. Sikujua kama kuna jina lolote. Nimelijua sasa hivi, uliporuka." Alitabasamu. "Watatu waliniuliza, filamu gani? Wa nne alikata simu."

"Kukata simu si kosa."

"Si kosa hata kidogo, wala si ushahidi. Ila mtu akitajwa na aliyemwamini, hatulii nyumbani. Atakuja kuuliza, na mashahidi watamwona kwa macho."

Kalamu aligeukia kikapu cha simu. Yake ilikuwa inatetemeka juu ya nyingine, kioo kinawaka. Simu kumi na nne hazikupokelewa, zote namba moja.

Hatua za haraka zilisikika koridoni, viatu vya mpira, vile vya kuvaa wodini.

Mlango uligongwa kwa ngumi.

"Wifi!" Sauti ilikuwa imejaa kilio. "Wifi, uko humo? Fungua! Niambie ni uongo! Niambie hukuniandika!"

Wajumbe walitazamana. Bwana Tai alisimama, akanyoosha tai yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nadhani shughuli yetu imekwisha," alisema. "Karani atufungulie mlango, watu waende makwao."

"Fungua," Mwenyekiti alimwambia karani, kwa sababu hakujua.

Karani alitoa ufunguo kwenye mfuko wa shati.

Kalamu aliruka viti viwili. Tangu saa tano alikuwa akiomba mlango ule ufunguliwe, kwa uongo, kwa tumbo, kwa umeme, kwa kila hila. Sasa alikuwa ameuegemea kwa mgongo, mikono ameitanua, visigino amevikita sakafuni, na anamtazama karani machoni.

"Ukiufungua," alisema, "utakuwa umemuua mtu."

Na nyuma ya mgongo wake alisikia mkono wa wifi ukizungusha kitasa.